Ekseli ya Kuvukia Mchanga

Haneti,
3 Septemba 1991

Mwanangu Miriam,

Mbukwenyi. Najua huko mjini mmezoea shikamoo na habari za kazi, lakini mimi nakusalimu kwa salamu ya kwetu kwanza, ndipo nikuulize: hujambo? Kile kifua chako cha vumbi kimepoa? Huku sisi ni wazima, mbuzi ni wazima, na upepo wa Septemba unavuma mpaka uji unaliwa na mchanga wake. Mimi nina afya, ila magoti yameanza kunisema vibaya kila nikiinuka.

Sijapata barua yako tangu mwaka juzi, mwezi wa tatu. Siulizi kwa nini. Ningekuwa wewe, huenda nami nisingejiandikia.

Ninaandika kwa sababu ya gari. Ile Landrova ndefu niliyoinunua mnadani mradi wa mifugo ulipofungwa iko uani juu ya mawe, haina miguu ya nyuma. Shafti imekatika tena mwezi wa saba, hii ni mara ya tatu, na safari hii difu nalo limetafuna meno yake lenyewe. Silaumu gari. Lilitengenezwa libebe watu wachache, mimi nimelibebesha kijiji kizima na mazao yake. Sasa kuku mmoja amehamia kiti cha dereva, anatagia pale. Jioni namwomba anipishe, nakaa, nashika usukani. Nakaa tu. Ukitulia hivyo kwa muda, kile kilima cha mbele ya nyumba kinaanza kuja taratibu, tunakipita, mimi na kuku, tunafika mpaka Bahi mwaka wa maji mengi, mpunga umesimama kijani pande zote, na matairi yanapita juu ya maji bila kulowa. Halafu anapita mtu na ng'ombe wake, ananisalimia, narudi nyumbani.

Usicheke. Sikukuandikia ili nikusimulie ndoto. Ruthu mdogo wako ana mimba tena, ya miezi mitatu. Hesabu mwenyewe. Atajifungua Machi, mto ukiwa umejaa.

Nataka ekseli ya nyuma, nzima, na iwe na nguvu kuliko hii. Wanasema siku hizi za ruksa hapo Dodoma kuna kila kitu. Nenda kwa mafundi unitafutie.

Ni mimi,
Shangazi yako Dorothea

*

Dodoma, Area D,
17 Septemba 1991

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama. Mimi sijambo.

Barua yako nimeipata. Kazi yangu ni kupiga chapa, sijui ekseli inafananaje. Kwa ajili ya Ruthu nitauliza.

Kwa nini lakini asije kukaa kwangu miezi ya mwisho? Chumba kinatosha wawili. Mwambie.

Miriam,
mtoto wa kaka yako

*

Haneti,
1 Oktoba 1991

Mtoto wa kaka yangu,

Asante kwa kunikumbusha ukoo, nilikuwa nimeanza kusahau nilimwogesha nani. Marahaba. Sisi hatujambo, jua ni kali, mbuyu pekee ndio wenye maji siku hizi na hautupi.

Nimempa Ruthu maneno yako. Alikuwa anapepeta uwele. Akaniambia, "Shangazi, safari ya mjini nilishaianza nikiwa na mtoto tumboni, sikufika. Siendi kukaa kule miezi mitatu nikisubiri nirudi mikono mitupu." Mumewe Mazengo naye akambembeleza, akashindwa. Unamjua mdogo wako, akishakunja uso hivyo hata mvua haimtoi nje.

Nitayasema yale tena, ili mimi na wewe tuwe tunaongea jambo moja. Machi 1989 nilikuwa nampeleka Ruthu hospitali, uchungu umemshika, na nyuma ya gari kulikuwa na magunia sita ya karanga. Katikati ya mto wa mchanga shafti ikakatika. Gari likaketi. Mtoto akazaliwa palepale mchangani, hakulia. Ukoo mzima ukasema Dorothea alithamini karanga kuliko damu yake. Mimi sikuwajibu wakati ule na sitawajibu sasa.

Lakini Ruthu amenipa sharti, na ni la haki. Amesema atapanda gari langu siku atakapokaa ukingoni kwa macho yake na kuliona linavuka mto na magunia sita mgongoni, kisha linarudi. Vinginevyo atajifungulia jikoni kwangu. Mkunga wa zahanati ameshasema huyu hapaswi kuzalia nyumbani, mwili wake unahitaji daktari. Kwa hiyo unaona, mwanangu, ekseli si ya gari.

Unasema hujui ekseli. Unajua mzegazega? Ule mti wa begani, ndoo huku na ndoo huku. Ekseli ni mzegazega wa gari, difu ndilo bega, shafti mbili zimo ndani zinazungusha matairi. Ukiwa na mti mwembamba unaweza kuteka maji miaka na miaka. Siku ukijaza pipa, unakatika. Mimi nataka mti mnene.

Shangazi yako tu,
Dorothea

*

Dodoma, Area D,
19 Oktoba 1991

Shangazi Dorothea,

Shikamoo tena. Hali yangu nzuri, kifua kimepoa, asante kwa kuuliza. Hali yako je, na magoti?

Nimekwenda. Jumamosi nilivaa viatu vya zamani nikaingia kwenye yadi ya fundi mmoja anaitwa Iddy, nyuma ya soko, mahali ambapo magari yanakuja kufa. Shangazi, sikujua kama kuna utulivu wa namna ile mjini. Milango ya magari imeegeshwa ukutani, kila mmoja na kioo chake, na kila kioo kina wingu lake dogo ndani. Nilisimama natazama mawingu hayo mpaka Iddy akauliza, "Dada, umepotea au unanunua?"

Nikamwambia habari ya mzegazega. Akacheka sana, kisha akanionyesha ekseli tatu.

Ya kwanza ni kama yako ileile. Akasema, "Hii inakaa leo leo, bila maneno. Lakini ukiirudia mizigo yako, nayo itarudia kukatika." Ya pili imetoka kwenye pikapu ya Kijapani, ngumu na safi, ila ni fupi. Akachora chini kwa msumari: matairi ya mbele yanapita huku, ya nyuma yanapita ndani zaidi, na kwenye mchanga kila tairi litakuwa linajichimbia njia yake. Ya tatu ilikuwa imelala chini ya turubai. Nene, Shangazi. Difu lake ni kubwa kama chungu cha pombe, na shafti zake akanipa nishike moja, mikono yangu ikashuka yenyewe. Imetoka kwenye gari refu la jamii ya lako, lililoundwa baadaye. Iddy anasema hiyo hata ukipakia kanisa. Mabaya yake ni mawili: ni nzito, gari litakula mafuta zaidi, na tumbo lake liko chini, kwenye mchanga laini litakwaruza.

Anauliza mambo mawili kabla hajasema ndiyo. Kwanza, difu la nyuma lazima lizunguke hesabu moja na la mbele, la sivyo yatavutana mpaka moja livunjike. Inua tairi moja la mbele kwa jeki, gia uiache huru, lizungushe mara mbili kamili, na mtu mwingine ahesabu propela, ule mti wa chuma unaotoka kwenye gia kwenda difu la mbele, inazunguka mara ngapi. Pili, apate kipimo cha kutoka katikati ya springi hii mpaka katikati ya springi ile. Kama huna futi, tuma kamba.

Nimeshangaa jambo moja. Wiki nzima nikipiga chapa nasikia mashine inarudi mwanzo wa mstari, nami naiona ile ekseli imelala chini ya turubai. Sijui imenikamata kwa nini.

Mwanao,
Miriam

*

Haneti,
2 Novemba 1991

Mwanangu Miriam,

Umerudi kuwa mwanangu, basi marahaba mara mbili. Huku hatujambo. Mawingu yameanza kupita juu bila kusimama, kama wageni wanaokwenda nyumba nyingine.

Tumehesabu. Mimi nilizungusha tairi, Ruthu alikaa kwenye kigoda na tumbo lake akaitazama propela niliyoipaka alama ya majivu. Mara nne kamili, na ya tano ikakaribia kutimia, ikabaki robo na kidogo. Tulirudia mara tano kwa sababu kila mara alikuwa anacheka anapoteza hesabu. Miriam, sijamsikia akicheka tangu ule mwaka. Ningezungusha tairi lile mpaka jioni.

Kipimo nacho hiki hapa ndani ya karatasi ya sukari. Kamba ya katani sikuitaka, maana ukiivuta inanyooka, ukiilegeza inarudi, haina msimamo. Jirani alichinja ng'ombe Alhamisi, nikaomba ukanda wa ngozi, nikaukata mrefu mwembamba, nikaupitisha chini ya gari ungali laini, nikatoboa tundu hapa na tundu pale, katikati ya springi na katikati ya springi. Kutoka tundu mpaka tundu, hicho ndicho kipimo. Ngozi haidanganyi.

Juzi mchana nilisinzia humo garini. Nikaota ile ekseli yako nene inakuja peke yake kutoka Dodoma, inabingirika barabarani na magurudumu yake mawili, haina gari juu, polepole, inasalimia watu. Ilipofika mtoni ikasimama, ikawa inanisubiri. Nilipoamka nilikuwa na furaha, na kuku alikuwa amenitagia mapajani.

Shangazi yako,
Dorothea

*

Dodoma, Area D,
20 Novemba 1991

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini wote hamjambo, na Ruthu anakula vizuri. Mimi nina afya ya mwili.

Nimechagua ile nene. Hesabu zenu za propela zimelingana nayo, Iddy amehakikisha mwenyewe. Juu ya tumbo lake kukwaruza nimefikiri sana. Nikasema moyoni, kukwaruza ni kelele tu, kukatika ndiko tunakokujua. Habari ya malipo tumeshamalizana na Iddy, usiniulize. Inakuja na lori la saruji Jumatatu, dereva nimemwelekeza nyumbani.

Kuna jambo moja dogo. Tulipoweka ukanda wako juu ya ekseli, vikalio vyake viwili, pale springi zinapokaa, vilizidi kipimo kwa vidole vinne. Iddy akakuna kichwa, akasema, "Ajabu, haya magari ni ndugu, mbona hayalingani?" Alitaka tuulize tena. Mimi nikasema shangazi yangu ni dereva wa miaka ishirini, amepima mwenyewe, hakosei. Basi akavikata vikalio na kuvichomelea upya ndani zaidi, sawasawa na tundu zako.

Sasa nikwambie la pili, ambalo si dogo.

Yale magunia sita yalikuwa yangu. Wewe unajua, na mimi najua kwamba unajua. Februari ile nilikuandikia kwamba ukimleta Ruthu hospitali usije bila karanga, watu wa ofisini wameshaagiza. Mshahara ulikuwa haunitoshi, kila mtu alikuwa anauza kitu chini ya meza yake. Niliandika "tafadhali sana" nikapigia mstari. Halafu msibani, watu waliposema umeua kwa tamaa, nilikuwa nimekaa palepale kwenye mkeka. Ulinitazama mara moja, ukatazama pembeni. Nikajua hutasema. Nilingoja mdomo wangu ufunguke, haukufunguka. Nikapanda basi nikarudi mjini.

Sikunyamaza kwa hasira, Shangazi. Ilikuwa aibu. Kila nikianza kukuandikia, naiona ile "tafadhali sana" na mstari wake.

Mwanao, kama bado unanitaka,
Miriam

*

Haneti,
5 Desemba 1991

Miriam,

Hatujambo. Ekseli imefika Jumanne, watu sita waliishusha.

Haikai. Ni fupi kwa vidole vinne, springi zinaitazama tu kutoka nje. Nilikaa chini nikaitoa ile barua yako nikaisoma tena, nikaelewa. Ngozi mbichi hujikunja ikikauka. Mimi, niliyezaliwa kwenye zizi, niliyeona ngoma zikiwambwa tangu naanza kutambaa, ninayejua kwa nini ngozi ya ngoma inakaza mpaka inalia, nikaenda kupima chuma kwa ngozi iliyokuwa bado na joto la ng'ombe. Na nikakuandikia kwamba haidanganyi! Mazengo alicheka akaondoka ili nisimwone. Fundi wako alikuwa na haki: magari ni ndugu, ekseli ile ingekaa yenyewe kama isingeguswa.

Huku hakuna mashine ya kuchomelea. Iko moja kwenye kambi ya wachimba visima, upande wa Kondoa, wana jenereta. Kesho tunaipakia kwenye mkokoteni wa punda. Ni mwendo wa siku mbili ukavu ukiwepo. Mawingu sasa hayapiti tena, yanasimama.

Yale mengine uliyoandika nimeyasoma. Tuanze na chuma.

Dorothea

*

Dodoma, Area D,
25 Januari 1992

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo? Nauliza kweli, si kwa desturi ya barua. Hii ni ya tatu tangu Krismasi, sijui kama zile mbili zilifika. Nimekwenda stendi mara nyingi. Makondakta wanasema njia ya kwenu imekatika, mabasi yanaishia njiani.

Hapa mvua inanyesha juu ya bati mpaka simu ofisini hazisikiki. Wenzangu wanafurahi, zabibu zao zimepona. Mimi kila tone linalopiga dirisha naona limeanguka mtoni kwenu kwanza, ndipo likaja huku.

Nimeota niko nyuma ya gari lako, na pembeni yangu yamekaa magunia sita, yamevaa nguo nzuri kama watu wanaokwenda harusini. Hayasemi. Gari linakwenda tu, uwanda ni mpana, hakuna mto. Nikawa najiuliza mto umekwenda wapi. Nilipoamka nililia kwa sauti, hata jirani akagonga ukuta.

Kama umenikasirikia, nikasirikie. Lakini niandikie neno moja kuhusu Ruthu.

Mwanao,
Miriam

*

Haneti,
15 Machi 1992

Mwanangu Miriam,

Salamu nyingi, nyingi kuliko mvua tuliyoipata. Tu wazima. Naanza na hilo ili usikimbilie chini ya karatasi: tu wazima wote, na tumeongezeka mmoja.

Barua zako tatu nimezipata siku moja, juzi, zimelowa na kukauka, wino umetembea. Sasa tulia nikusimulie.

Mkokoteni ulichukua siku nne badala ya mbili. Punda mmoja aligoma, nikavaa nira mimi na Mazengo kwa zamu. Ekseli ilikuwa imelala pale juu imefunikwa kanga yangu isipate kutu, na watu njiani walikuwa wanauliza tumembeba mgonjwa gani. Nilikuwa nawajibu, ni ndugu yetu, anakwenda kutibiwa. Wachimba visima ni watu wema, walivikata vikalio wakavirudisha palepale vilipokuwa mwanzo, kwa futi ya chuma, sikuruhusiwa kusogea na kipimo changu. Kurudi mvua zilitukawiza, mwishoni mwa Januari ndipo ikakaa chini ya gari. Boliti ziliingia zenyewe. Kuku tulimhamishia jikoni, hajanisamehe.

Tarehe sita Februari, asubuhi, tukaenda mtoni na Ruthu. Maji yalikuwa yamepungua, mchanga umelowa, laini. Akakaa ukingoni kwenye kigoda chake, mikono juu ya tumbo. Nilikuwa nimejaza magunia sita, lakini nilijaza mchanga, maana mchanga ni mzito kuliko karanga na sikutaka kumdanganya kwa uzito. Nikaingia. Miriam, mwanzoni nilisikia tumbo la difu linakwaruza, grrr, grrr, na moyo wangu ukawa unakwaruza pamoja nalo. Pale katikati, mahali penyewe, gari likazama kidogo, likatulia. Nikasema, Mungu wangu, ni hapa tena. Nikaliongeza mafuta polepole. Nikahisi nyuma kitu kinasukuma, kinene, hakina haraka, kama ng'ombe dume anayeinuka. Tukatoka. Nilipotazama kioo, nyuma yetu kulikuwa na njia mbili za matairi na mfereji mmoja katikati, umenyooka.

Nikageuza, nikarudi. Ruthu akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Tena." Mara ya tatu niliporudi alikuwa amesimama anafuta macho kwa upande wa kanga. Akasema, "Haya."

Mtoto hakungoja tarehe yake. Tarehe mbili Machi kumepambazuka, maji yako usawa wa katikati ya matairi, yana rangi ya chai ya maziwa. Nyuma hakukuwa na kitu. Hata shoka la kuni nililitoa. Ruthu alikaa katikati yangu na Mazengo, ameshika kile kishikio cha mbele, anasema maneno ambayo sijui kama ni sala au ni matusi. Tuliingia majini na yale maji yakatuzunguka pande zote, na nikwambie ukweli, sikuona hofu. Nilikuwa nimeshapita hapo. Nilikuwa nimepita mara nyingi mno na kuku wangu. Tukavuka. Ng'ambo nilisimamisha gari nikalia, Ruthu akanipigia kelele, "Shangazi, endesha! Utalia hospitali!"

Msichana. Alilia kabla hajamaliza kutoka. Anaitwa Lea.

Sasa lile jingine. Nimelikawiza kwa sababu nililikasirikia, halafu nikagundua sikukukasirikia wewe. Barua yako ya Februari ile niliichoma siku ya msiba, kabla ya watu kufika, wasije wakaikuta. Ulikuwa na miaka ishirini na miwili, una mshahara wa kununua sabuni. Kuagiza karanga si dhambi. Mimi ndiye niliyekuwa na usukani. Na kuna jambo hulijui. Ile shafti ilikuwa inalia siku tatu kabla. Kila nikiachia gia inalia, kama mlango wa zizi. Nikasema, itafika Dodoma, huko nitaitazama. Ningeweza kuyashusha yale magunia. Nilikuwa najivuna na gari langu, mwanangu, nilitaka waone linabeba yote mawili. Nilipokutazama msibani nikatazama pembeni, nilidhani umeisikia ile shafti usoni pangu.

Basi miaka mitatu kila mtu amekaa na kosa lake ndani amefunga mlango, akidhani mwenzake anamchungulia. Ni ujinga wetu sote wawili.

Ruthu sijamwambia habari ya karanga zako. Hilo ni lako, mimi sina mamlaka nalo.

Shangazi yako anayekupenda,
Dorothea

*

Dodoma, Area D,
4 Aprili 1992

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako ofisini nikashindwa kupiga chapa siku nzima. Niliwaambia nina homa. Iddy nimempelekea habari, ameshika kichwa, kisha akasema, "Ngozi!" na kwenda kuwaambia wenzake. Yadi nzima inakusalimu.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya Ruthu. Nimemweleza yote, sikujitetea. Lakini usimpe sasa, mtoto ni mchanga, maziwa yasije yakakauka kwa uchungu. Mpe mavuno yakiisha. Akitaka kunitukana, aje anitukane kwa mdomo wake. Akitaka kunyamaza, nitaelewa.

Mbusu Lea kwa ajili yangu. Sina haki ya kuomba, naomba tu.

Mwanao,
Miriam

*

Haneti,
18 Juni 1992

Mwanangu Miriam,

Hujambo huko kwenye baridi? Huku asubuhi tunaota moto mpaka saa tatu. Lea ana ngumi mbili anazozitafuna kutwa. Mimi na magoti tumepatana.

Barua yako nilimpa Ruthu juzi, karanga zilipokuwa zimeshaanikwa. Alikuwa ameshika mtoto, akasema nimsomee. Nikasoma yote, na pale penye "tafadhali sana" nikarudi nyuma, nikaanza upya. Alitazama upande wa mtoni kwa muda mrefu, Lea anavuta shanga zake. Nikajisemea, hapa tumempoteza.

Halafu akanipa mtoto. Akaenda ghalani. Nikasikia debe linachota, linamwaga, linachota. Nilipomfuata nilimkuta amepiga magoti kwenye vumbi la maganda, anajaza gunia, machozi yanamshuka na hayafuti. Nilitaka kumsaidia akanikatalia. Alijaza peke yake mpaka jua likapinda, akayashona kwa sindano yake mwenyewe.

Magunia yako sita. Ameyahesabu mara mbili, akamwita Mazengo ayapakie nyuma ya gari, akajaribu kuyatikisa kama yamekaa vizuri. Kisha akaniuliza, "Hiyo ekseli ya dada itayaweza na mimi na mtoto juu yake?" Nikamwambia itayaweza.

Tunafika Jumamosi. Ruthu atakaa mbele na Lea. Waambie watu wa ofisini karanga zao zimechelewa kidogo.

Shangazi yenu,
Dorothea